Nambari ya Nyanya Yako

Mwanangu Rukia,

Kabla hujafika mstari wa pili, tazama nyuma yako kama kuna mtu. Kisha niahidi kwamba maneno haya hayatatoka kwako hata moja: si kwa babako, si kwa marafiki zako, si kwa hao Wamarekani utakaokaa nao, hata wakufanyie wema wa namna gani. Ukimaliza kusoma, ichane. Au usiichane, sijui. Naona nimeanza kukupangia na mimi mwenyewe sijui nataka karatasi hizi zifanywe nini. Najua tu kwamba kazi yangu, na pengine zaidi ya kazi, imo humu ndani.

Umekwenda Likoni na nyanya yako kuaga jamaa. Nina saa tatu, labda nne, kutegemea feri na kutegemea nyanya yako atakaa kwa milango mingapi. Mlango wa mbele nimeufunga kwa kitasa. Dirisha nimeliacha wazi kwa makusudi, na sababu yake utaijua.

Ya sweta, ya kuuliza nyama kabla ya kula, ya kutompa mtu pasipoti yako ashike, hayo umeambiwa na kila aliyeingia nyumba hii wiki nzima. Mimi nataka kukujibu swali lako.

Ulikuwa ukikunja nguo, mimi nikitafuta vifungo. Ukaniuliza, "Mama, wewe waonaje? Wale wazee walioiasisi Marekani, waliiamini kweli demokrasia, au walikuwa wakisema tu?"

Nikakwambia, "Mimi ni karani, mwanangu. Mimi hupiga chapa tu."

Ukacheka, ukaendelea kukunja. Lile lilikuwa jibu la kukimbia. Hili hapa ndilo jibu.

Kwanza nikukumbushe ile insha ya mashindano iliyokupatia nafasi ya kwenda kusoma Marekani. Wewe uliiandika kwa mkono kwenye daftari la mistari, mimi nikaichukua ofisini kuipiga chapa saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula mihogo ya kukaanga kwa yule mama wa barabarani. Kila nikisikia kiatu kwenye korido nilikuwa naifunika kwa faili la maombi ya vibali. Malori yalikuwa yakinguruma nje kuelekea kwenye matangi ya mafuta, nami nikiomba yangurume zaidi yafiche sauti ya mashine. Nilikuwa naona kama kila anayepita anajua kuwa karani wa serikali anapiga chapa maneno kuhusu watawala wanaowaogopa watu wao.

Insha ile naijua kwa moyo. Ulieleza jinsi yule aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa alivyokuwa akimiliki binadamu wenzake. Ukaeleza jinsi walivyojifungia kutunga katiba yao wakati wa joto, wakafunga madirisha, wakaweka walinzi mlangoni, wakaapishana kutosema nje lililosemwa ndani. Ukaeleza kwamba walihofia watu wa kawaida kuchagua moja kwa moja, ndiyo maana maseneta wakachaguliwa na mabunge ya majimbo na rais akachaguliwa na wajumbe walioteuliwa. Wanawake hawakuwamo. Wasio na mali, sehemu nyingi, hawakuwamo. Halafu ukafika kwa watumwa, ukaandika kwamba wao walihesabiwa, watatu kwa kila watano, ili mabwana zao wapate viti zaidi bungeni, ilhali wenyewe hawakuwa na kura yoyote.

Hapo vidole vyangu vilisimama. Nilikaa nikiitazama karatasi mpaka wenzangu wakarudi na mmoja akaniuliza kama mashine imeharibika.

Ulipomalizia kwa kusema kwamba watu wale hawakuiamini demokrasia, nikaingiwa na hofu. Mwalimu wako mkuu alikuwa ameshakwambia, "Punguza makali, binti. Hawa ndio watakaokulipia." Ulikataa. Basi mimi nikapunguza kwa niaba yako. Niliingiza neno moja tu, "labda". Labda hawakuiamini. Nikaona nimekuokoa.

Jioni ulisoma ukurasa wa mwisho umesimama hapo hapo mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Mama, hii labda imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye mashine."

"Mashine yenu ina woga kweli."

Ukaninyooshea karatasi kwa adabu, mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake chai. "Tafadhali, mama. Piga upya."

Kesho yake nikapiga upya, bila labda. Wewe ulidhani nilinyamaza siku ile kwa kuudhika. Wallahi sikuudhika. Nilinyamaza kwa sababu mara mbili katika kazi yangu nimeambiwa niandike upya, na mara ya kwanza sikuambiwa na mtoto wangu.

Mwaka wa uchaguzi wa mlolongo, wewe ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka uwanja wa ile shule ya msingi, jua, na watu wamejipanga nyuma ya picha za wagombea. Hapakuwa na karatasi za kura wala sanduku; mtu alisimama nyuma ya amtakaye, kila jirani akimwona. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, kibarua ofisini, sijathibitishwa bado. Nilikuzaa nikiwa mwanafunzi wa miaka kumi na saba, hilo unalijua, na unajua pia kwamba nyanya yako alikubeba mgongoni miaka minne ili mimi nirudi shule. Kila herufi niliyonayo nimeipata kwa mgongo wake. Msimamizi wa kituo aliniomba ofisini kwetu kwa sababu nina hati nzuri na sauti inayosikika.

Wagombea walikuwa wawili. Nyuma ya picha ya kwanza, ya mwalimu mstaafu, mstari ulizunguka madarasa ukapita bomba la maji ukatokea upande wa pili. Nyuma ya picha ya pili, ya tajiri mmoja, mstari ulikuwa mfupi, na wengi waliokuwamo walishuka kwenye lori ambalo hatukulijua.

Nilihesabu kwa kumgusa kila mtu begani na kuitaja nambari yake kwa sauti, ili mawakala wa pande zote mbili wasikie. Hakuna aliyeniagiza hivyo. Nilijiamulia mwenyewe kwa kutaka kazi iwe safi. Watu walifurahi. Mtu akiguswa, akitajiwa nambari yake, alikuwa anajinyoosha kidogo. Hamali mmoja wa Kongowea, kifua kama mlango, aliniambia, "Niguse polepole, karani, mke wangu yuko nyuma anatazama." Mke akajibu kutoka nyuma, "Mguse kwa nguvu, labda ataamka." Mstari mzima ukacheka. Sijapata tena kuona watu wamesimama juani tangu alfajiri na bado wana kicheko.

Nilipofika kwa nyanya yako nikasema shikamoo kabla ya nambari.

"Marahaba. Sasa nihesabu sawasawa, mwanangu. Miguu hii si yangu tena."

"Mia mbili na kumi na nne."

Akaitikia, "Abee," kama aliyeitwa kwa jina.

Wewe ulikuwa umeshika buibui lake. "Na mimi, mama?"

"Wewe bado."

"Bado mpaka lini? Basi mimi ni mia mbili na kumi na tano."

Mzee aliyekuwa nyuma yenu akakwambia, "Hiyo ni yangu, bibiye. Katafute yako." Ukanuna mpaka ukanunuliwa ubuyu.

Mstari wa mwalimu ulikuwa watu mia tatu sitini na mmoja. Mstari wa tajiri, mia moja arobaini na wanane. Nambari hizi sikuziandika popote miaka saba, na sijazisahau hata siku moja.

Tuliingia katika chumba cha mwalimu mkuu kujaza fomu. Msimamizi alifunga mlango, akafunga madirisha moja moja. Alisema karatasi zisije zikapeperushwa. Hapakuwa na upepo. Wakala wa mwalimu alitumwa nje kutafuta gundi ya bahasha. Niliandika nambari nilizohesabu. Msimamizi akaichukua fomu, akaitazama, akaniambia kwa upole kabisa:

"Dada, umekosea safu. Andika upya."

"Sijakosea, bwana. Wa mwalimu ni mia tatu—"

"Una mtoto?"

"Ninaye."

"Anasoma?"

"Darasa la nne."

"Vizuri. Basi andika upya. Kwa hati yako nzuri hiyo hiyo."

Hakunigombeza wala hakunyoosha kidole. Ile fomu ya kwanza aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akaniwekea nyingine mbele, akanifunulia na kalamu.

Nikaandika, Rukia. Mia moja arobaini na wanane nikaiweka kwa mwalimu, na mia tatu sitini na mmoja nikaiweka kwa tajiri. Ni mkono huu huu. Tena niliandika vizuri, sikutetemeka, nikapiga mstari chini ya jumla kwa rula kama nilivyofundishwa.

Msimamizi akatoka kutangaza. Alipomaliza tu ilisikika sauti ya nyanya yako, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha:

"Samahani, bwana. Mimi ni wa mia mbili na kumi na nne. Mstari wetu wote mwasema ni mia moja arobaini na wanane. Sasa mimi nilisimama wapi?"

Mtu fulani akamjibu, "Hukusimama, mama. Hukuja."

"Haya," akasema. "Kumbe sipo."

Ndipo ulipoanza ule mzaha wake wa nyumbani. Nani ataosha vyombo? Si mimi, mimi sipo. Nani amemaliza sukari? Labda ni yule wa mia mbili na kumi na nne, lakini hayupo. Wewe ulikuwa ukigaagaa kwa kucheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, na kila mara nilikuwa natoka kwenda kutazama kama nguo zimekauka.

Nyanya yako aliniuliza mara moja tu, usiku wa siku ile ya kura. "Ni wewe?"

Nikamwambia karatasi ilibadilishwa mbele ya safari, baada ya kutoka mkononi mwangu.

Akasema, "Alhamdulillahi. Basi mkono wako ni safi." Akanishika mkono akaubusu. Miezi miwili baadaye nikathibitishwa kazini, na kwa kazi hiyo ukasoma.

Sasa swali lako. Waliamini au hawakuamini?

Wewe umesema hawakuamini, na insha yako imewashinda walimu waliokuwa na shahada. Lakini mimi nilikuwamo katika chumba kilichofungwa madirisha, nami nakwambia niliamini. Siku ile, nikimgusa mtu begani, niliamini kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu kwamba kila mmoja wao ni mmoja kamili, hamali na mkewe na mamangu na yule mzee aliyekunyima nambari. Robo saa baadaye nikaandika uongo, na imani ile haikuwa imeondoka. Ilikuwapo, imekaa kimya, inatazama mkono wangu ukiandika. Kwa hiyo nikisoma kuhusu yule bwana aliyeandika usawa na kuwafuga watu, siwezi kusema kwa urahisi kwamba aliigiza. Naogopa kwamba alimaanisha. Ningependa awe mnafiki tu, ingenisaidia kulala.

Najua utakavyonijibu. Utasema, mama, usijifananishe nao. Wewe uliogopa kufukuzwa kazi, wao waliogopa kupoteza mashamba na watumwa. Wewe ulikuwa na bwana anayekusimamia, wao ndio waliokuwa mabwana. Ni kweli, na nakushukuru kabla hujasema. Lakini yule wa mia mbili na kumi na nne hakuulizwa sababu zangu. Aliambiwa tu kwamba hakuja.

Kuna mmoja wao ambaye nilimfuatilia zaidi ya ulivyomwandika kwenye insha. Ni yule aliyekaa mbele katika kile chumba akiandika kila lililosemwa, siku baada ya siku, kisha akakaa na daftari lake mpaka akafa, ndipo watu wakalisoma. Nilimwona kama karani mwenzangu. Yuko pia yule jenerali aliyekuwa rais wao wa kwanza, ambaye katika wasia wake aliagiza watumwa wake waachwe huru, lakini yeye akiwa ameshazikwa na mkewe pia amekufa. Uliandika kwa ukali juu yake, kwamba alitoa uhuru pale ambapo hautamgharimu yeye hata kikombe cha chai. Nilipoipiga chapa sentensi ile niliona kama umenitazama machoni. Kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga, Rukia. Nilikuwa nimeazimia uyakute haya nikishakufa, katika lile sanduku la bati, chini ya vyeti. Wewe ulinizuia bila kujua. Nimeona nikwambie ningali hai, ungali waweza kunikasirikia.

Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kwenye nchi hiyo ukiwa na maneno makali, na sitaki uyatumie ukidhani watu wa vyumba vilivyofungwa ni watu wengine, wa mbali, wenye mawigi. Mmoja wao alikusuka nywele jana.

Na unajua nini kilichonipa nguvu? Ukurasa wako wa nne, ambao sikuuelewa mpaka nilipoupiga chapa mara ya pili. Uliandika kwamba maneno yale ya usawa hayakubaki mikononi mwa walioyaandika. Wale ambao hawakuhesabiwa sawasawa waliyasoma, wakayashika, wakarudi nayo mlangoni kudai. Nilipofika hapo nilimwona nyanya yako uwanjani akisema samahani, bwana. Hakusoma katiba ya mtu yeyote. Alikuwa na nambari yake tu, niliyompa kwa sauti mbele ya watu, na hiyo ilitosha kumfanya msimamizi akunje karatasi zake na kuondoka kwa haraka. Nambari ile nilimpa mimi. Katika siku ile yote, hilo moja ndilo ninaloweza kulishika bila haya.

Najivunia wewe, mwanangu, mpaka kifua kinauma. Sijivunii ndege unayopanda. Ndege zimepita juu ya paa letu la Changamwe tangu uzaliwe na hazikututoa jasho. Najivunia kwamba ulisimama mlangoni na kiatu kimoja ukaniambia nipige upya. Ningekuwa na wewe katika kile chumba siku ile, wewe wa leo, si wa ubuyu, nadhani fomu ile ya kwanza ingetoka mlangoni kama nilivyoiandika. Nimekutana na watu wakubwa wengi katika kazi hii, wenye fimbo na wenye tai. Hakuna hata mmoja aliyenifanya niwe jasiri. Umenifanya wewe, tena kwa tafadhali.

Nasikia watoto wanapiga kelele kwa jirani, nadhani gari la kutoka kivukoni limefika. Niandike upesi.

Kunipata mimi ni hivi. Usiniandikie ofisini, hata salamu. Barua zenye stempu za nje hufunguliwa, na anayezifungua ana jicho la kusoma katikati ya mistari. Usinipigie simu kwa jirani pia. Sebule yao ina masikio mengi. Mwandikie nyanya yako, kupitia duka la yule fundi cherehani anayemshonea, ambaye jana ulimpa mkono wa kwaheri. Nimezungumza naye, hana neno. Mimi hupita pale kila Ijumaa jioni nikitoka kazini.

Macho ya nyanya yako hayasomi tena, wajua. Barua zake zote mimi ndiye ninayemsomea, kwa sauti, naye hukaa karibu na kunikatiza kila neno. Basi kama umesoma haya, na ukiona bado mimi ni mamako, ianze barua yako ya kwanza kwa nambari yake. Usiandike salamu kabla yake wala maelezo. Mia mbili na kumi na nne, peke yake, juu kabisa ya karatasi.

Nitaifungua mbele yake na nitalazimika kuisoma. Ataniuliza kwa nini mtoto ameandika hivyo. Nitafungua dirisha, kisha nitamwambia.

Mamako.